Kisiwa ndicho kipange ukubwa wa meli

Mpwa wangu anayeishi Leicester, yeye na mkewe, wamekuwa wakijibana kwa miaka ili siku moja wafanye safari ya meli visiwani. Hapa sisemi boti ya kutoka Dar kwenda Unguja. Nasema zile safari za siku kumi na kitu: unapandia Unguja, unapita Kilwa, unavuka hadi Komoro, unakwenda Aldabra, unamalizia Mahé, Shelisheli. Juzi alinitumia kwenye WhatsApp picha za meli tatu na swali moja: "Shikamoo mjomba. Wewe ni mtu wa bahari, tupande ipi?"

Ya kwanza inachukua abiria zaidi ya elfu mbili, ina mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa maonyesho. Kilwa haifiki, Aldabra haifiki, lakini tangazo lake nalo linasema "safari ya visiwa". Ya pili ni ya Wafaransa, moja ya zile sita ambazo kampuni ya Ponant ilizijenga kwa mtindo mmoja: urefu mita 131, vyumba 92, abiria 184 ikijaa. Ya tatu ni yoti ya abiria kumi na sita inayozunguka Shelisheli tu. Na kuna jambo lingine ambalo alilisema mwishoni kabisa, kama watu wanavyofanya na mambo mazito: mama mkwe wake atakuwamo safarini, ana miaka sabini na ushee, na presha inamsumbua.

Nilimjibu: "Marahaba. Usiwaulize meli ina vyumba vingapi. Waulize wanashuka watu wangapi kwa mpigo, kwa boti ngapi, na kila mwongozaji anapewa watu wangapi."

Mimi huongoza wageni Kilwa Kisiwani, na kabla ya hapo nilikuwa baharia. Kazi zote mbili zimenifundisha kwamba meli ya visiwani haipimwi ikiwa inakwenda. Hupimwa ikishatia nanga, watu wanapoanza kushuka.

Kilwa meli hutia nanga kati ya Masoko na Kisiwani. Inashusha boti zake za mpira, kila moja inachukua abiria wanane hadi kumi. Anayeshuka anavaa jaketi la kuokolea, anageuza kibao chenye namba yake ubaoni ili ijulikane yuko nje ya meli, kisha anafika mwisho wa ngazi. Chini, ndani ya boti, kuna baharia amesimama kapanua miguu. Hawashikani viganja, maana viganja vikilowa huteleza. Kila mmoja anamkamata mwenzake juu ya kifundo cha mkono, wanakuwa kama wamefungwa pamoja, na hapo baharia anangoja. Wimbi linaipandisha boti, linaishusha, linaipandisha tena. Ikifika juu ndipo anasema "sasa", na mama wa miaka sabini anavuka kwa hatua moja bila hata kujua kwamba kavuka. Ukimharakisha, atakanyaga boti ikiwa inashuka, na goti ndilo litakalolipa. Kazi hii ni ya mtu mmoja mmoja. Nahodha awe hodari vipi, kampuni iwe na fedha kiasi gani, haina njia ya mkato.

Sasa piga hesabu. Abiria 180, boti tisa za watu kumi kumi: kila boti inakwenda mara mbili, inarudi mara mbili, na asubuhi inatosha. Abiria elfu mbili kwa boti hizohizo ni safari mia mbili za kwenda, bado za kurudi. Ndiyo maana meli kubwa haina habari na boti za mpira. Inatumia yale maboti yake makubwa yaliyofunikwa, yanayochukua watu mia na zaidi, na hayo yanataka gati na kina cha maji. Pasipo gati, hakuna kushuka. Kwa hiyo anayekata tiketi ya meli ya watu elfu mbili ameshachaguliwa visiwa vyake: ni vile vyenye bandari, Unguja, Mahé, Mauritius. Vile alivyoviona kwenye picha, vyenye mikoko na mchanga mtupu, atavipita usiku amelala.

Sina ugomvi na meli kubwa. Mtu anayependa meli yenyewe, chakula chake, muziki wake na kitanda kisichotikisika, apande kwa raha zake. Ninachokataa ni lile tangazo. Safari ya visiwa ni ile inayoweza kukushusha kisiwani.

Kushuka nako si mwisho wa habari. Kilwa Kisiwani kuna jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya mia moja, na ndani yake kuna birika la kuogelea lenye pembe nane. Kila mgeni anataka kuliona. Nikiwa na watu kumi na watano, wanalizunguka, kila mmoja anaona kingo zake, ananisikia ninapoeleza jinsi matumbawe yalivyochongwa na chokaa ilivyochomwa, na wanauliza maswali. Wakifika ishirini na tano, walio nyuma wanaanza kupiga picha za migongo ya wenzao. Wakizidi thelathini, wa nyuma hupanda juu ya ukuta ili waone. Ukuta wenyewe ni wa matumbawe na chokaa, una miaka mia saba.

Niliwahi kukabidhiwa watu zaidi ya arobaini peke yangu, kwa sababu wakala aliyeleta wageni alitaka kubana matumizi kwenye malipo ya waongozaji. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Walikuwa watu wazuri, waliniaga kwa heshima na bahashishi, lakini sidhani kama robo yao walisikia habari za msafiri wa kale Ibn Battuta kufika pale mwaka 1331. Meli yao ilikuwa ndogo kuliko nyingi. Kwa hiyo udogo wa meli peke yake hautoshi kama watu wanashushwa kwa mpigo mmoja na kumwagwa kwa mtu mmoja.

Halafu kuna maji. Mgeni wa Ulaya hudhani bahari iko palepale siku zote. Siku za bamvua, pwani yetu maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, na pale ulipoteremkia saa tatu asubuhi, saa sita ni tope, mawe na mizizi ya mikoko. Meli ya watu mia moja inamaliza shughuli yake maji yakiwa bado mazuri. Ya watu mia mbili inabidi igawe zamu mbili, na zamu ya pili ndiyo hutembea na viatu mkononi. Wenye meli wanalijua hili, ndiyo maana wazuri kati yao hupanga saa ya kuwasili kwa kufuata jedwali la maji, siyo kwa kufuata saa ya chai.

Basi je, yoti ya watu kumi na sita ndiyo bora? Hapo ndipo watu wengi wanaosifu udogo wanapojisahau. Chombo kidogo huingia kila mahali, lakini kila kitu cha bahari nacho humwingia abiria wake. Kusi ikishika, Juni na Julai, yoti kwenye bahari ya wazi inakuchezesha usiku kucha, na anayelewa bahari hataki kusikia habari za kobe wala ndege. Anataka nchi kavu. Kwa kuzunguka Mahé, Praslin na La Digue, visiwa vinavyoonana, yoti ni chaguo zuri. Aldabra ni habari nyingine. Kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,100 za bahari tupu, na njiani hakuna duka, hospitali wala kituo cha mafuta. Huko unataka meli yenye tumbo.

Na yule mama mkwe? Kuna kanuni ambayo wauzaji wa safari hawaitaji sana. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unasema meli yenye watu 100 au zaidi, wafanyakazi wakihesabiwa humo, inayofanya safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu, lazima iwe na daktari. Yoti ya abiria kumi na sita hailazimiki. Inaweza kuwa na baharia aliyesomea huduma ya kwanza, na baharia huyo anaweza kuwa hodari, lakini presha ikipanda katikati ya bahari, mimi ningetaka daktari na chumba chake. Hili tu lilitosha kuiondoa yoti kwenye orodha ya mpwa wangu, hata kabla ya bei, ambayo kwa kichwa kimoja mara nyingi huwa kubwa zaidi kadiri chombo kinavyokuwa kidogo.

Usalama nao una hesabu yake. Meli ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa safari za namna hii ilishushwa majini mwaka 1969, ya mfanyabiashara wa safari Lars-Eric Lindblad, na baadaye ikaitwa Explorer. Novemba 2007 ilitobolewa na barafu karibu na kisiwa cha King George, huko Antaktika, ikazama. Walikuwamo watu 154. Walikaa kwenye maboti ya kuokolea kwa saa kadhaa, kisha meli ya abiria ya Norwei, Nordnorge, ikawapakia wote, hakufa hata mmoja. Watu 154 wanaweza kuhamia kwenye meli moja iliyo jirani. Sasa wafikirie watu elfu mbili nje ya Aldabra, ambako meli jirani huenda iko mwendo wa siku mbili. Nani atawapakia, na atawaweka wapi?

Kwa hiyo nilimwambia achukue ya pili, kwa sharti kwamba aulize kwanza safari hiyo imeuzwa kwa watu wangapi. Meli ya nafasi 184 ikiondoka na abiria 120 ni meli tofauti kabisa na ikiondoka imejaa. Swali hilo ni la bure, na anayekataa kulijibu amekujibu.

Hayo ni ya mpwa wangu na fedha zake. Langu mimi ni hili: kwa nini ukubwa wa meli zinazokuja kwenye visiwa vyetu upangwe na abiria wa Leicester na kampuni ya Marseille, na sisi wenye visiwa tubaki kupokea chochote kinachotia nanga?

Wenzetu walishaamua. Galápagos ni visiwa vya Ekwado, kama kilomita 1,000 kutoka bara, hifadhi ya taifa tangu 1959. Kule meli ya kitalii haichukui zaidi ya abiria 100. Basi. Kampuni kubwa za Marekani na Ulaya zenye meli kubwa zaidi hazikususa. Zilijenga meli za watu 100 kwa ajili ya Galápagos tu. Celebrity Flora ya mwaka 2019 ina nafasi 100. Silver Origin ya mwaka 2020 ina nafasi 100. Kila mwongozaji, ambaye lazima awe na leseni ya hifadhi, hachukui zaidi ya watu 16. Na chombo hakiruhusiwi kurudi sehemu ileile ndani ya siku 14, hata kama wageni wake wanaililia. Agosti 2024 wakapandisha ada ya kuingia hifadhini kwa wageni wengi wa nje, kutoka dola 100 hadi 200, na watu wanaendelea kwenda.

Antaktika, ambako hakuna serikali hata moja yenye nchi, mataifa ya mkataba yalikubaliana mwaka 2009 kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu, wasiwe zaidi ya 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na sehemu moja isiwe na meli mbili kwa pamoja. Svalbard, visiwa vya Norwei, tangu Januari mosi 2025 meli inayoingia maeneo ya hifadhi haiwezi kuwa na abiria zaidi ya 200. Venice ilikataa meli zinazozidi tani 25,000 kupita mfereji wake wa Giudecca tangu Agosti 2021. Na jirani zetu Shelisheli wanailinda Aldabra, urithi wa dunia tangu 1982, kwa mkono mkali: kabla hujakanyaga pale, viatu vyako vinasuguliwa na mifuko yako inakaguliwa isije ikawa na mbegu ya mmea mgeni. Kisiwa kile kina kobe wakubwa zaidi ya laki moja, na bado kinamhesabu mtu mmoja mmoja anayeingia.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, mwaka mmoja kabla ya Aldabra. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ukingo. Kazi kubwa ilifanyika, ya kuziba, kujenga upya na kupanda mikoko, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Leo yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, na meli za kitalii zinaleta wageni. Nafurahi zinapoleta. Siku ya meli, kijana mwenye mashua anapata, mama wa mikeka anapata, mimi napata. Lakini sijawahi kuonyeshwa karatasi inayosema: hapa, kwa wakati mmoja, watu kadhaa, mwisho.

Najua hoja itakayoletwa, kwa sababu nimeletewa kijiweni mara nyingi: wageni wengi, fedha nyingi, wewe mzee unataka kuwafungia vijana riziki. Nendeni Mji Mkongwe siku meli ya watu elfu mbili ipo bandarini. Piteni Gizenga saa nne asubuhi, kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kugeuka ubavu. Vikundi vinafuata vibendera, vinasukumana, wenyeji wamejibanza milangoni. Ikifika saa saba wengi wao wamerudi melini, kwa sababu chakula cha mchana walishakilipia humo. Muulizeni mwenye duka la viungo: anafurahi zaidi na hao, au na wageni kumi na wanane wa meli ndogo ambao hawana haraka, wanaomba kunusa karafuu, wanataka kujua mdalasini unatoka kwenye gamba gani, kisha wananunua? Mimi nimemuuliza. Alicheka tu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni kwamba tukiweka kikomo meli zitakwenda Msumbiji au Madagaska. Huenda moja mbili zitakwenda. Lakini meli hizi haziji Kilwa kwa sababu tumelegeza masharti. Zinakuja kwa sababu Msikiti Mkuu uko Kilwa na hauko kwingine. Mwenye kitu kisichopatikana kwingine ndiye hupanga masharti.

Namba yangu ni hii, na kila mwongozaji wa Kisiwani aliyewahi kukabidhiwa watu arobaini atanielewa: wasizidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, wasizidi 15 kwa mwongozaji mmoja, meli moja kwa siku, na saa ya kushusha ifuate maji. Meli ya abiria 184 bado itakuja, kwa zamu mbili. Meli ya mia tano itabidi ifikirie mara mbili, na ifikirie. TAWA na serikali ya kijiji cha Kisiwani wakikaa wakatoka na namba nyingine, 80 au 120, sitagombana nao. Nawaomba kitu kimoja: iandikwe, itangazwe, na ipelekwe kwa mawakala wa meli kabla hawajauza safari za msimu ujao, kwa sababu tiketi zikishauzwa, hakuna ofisa atakayethubutu kumrudisha mgeni aliyekwisha shuka kwenye boti.